Gari Nililokataa Kuchagua

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Miaka yote ya kusahihisha madaftari imenifundisha kwamba mtoto aliyenakili humkamati kwa majibu aliyoyapata. Unamkamata kwa kosa, pale alipokosea sawasawa na jirani yake. Ndiyo maana mtu akiniletea jambo zuri, macho yangu hutafuta kwanza mahali lilipopinda.

Basi Jumamosi moja mchana mdogo wangu wa kiume alisimama mlangoni kwangu, hapa Ngokolo mjini Shinyanga, simu mkononi, akaniambia nichague gari.

Huyu ndiye ndugu yangu pekee. Mama alitutoka mimi nikiwa chuo cha ualimu, yeye akiwa darasa la tano, nami nilipopangiwa kituo nikamchukua akakaa kwangu mpaka alipoota ndevu na kuamua kwamba shule na yeye basi. Akaenda Rwamgasa kuchimba dhahabu. Kwa miaka mingi nilipompigia simu jibu lilikuwa moja: duara bado halijatema. Duara ni lile shimo lao, na kutema ni siku shimo linapokubali kutoa mali. Nilishazoea duara lisilotema kama wengine walivyozoea mume asiyerudi mapema.

Mwaka jana likatema, na yeye hakuniambia. Habari niliipata bombani, kutoka kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, bibi wa Kisukuma ambaye habari za machimboni humfikia kabla ya wenye machimbo. Lilinikera sana hilo. Miaka yote ya njaa nilipigiwa simu mimi, siku ya shibe wakajua watu wa bombani. Huo ndio ulikuwa mpindo wa kwanza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea."

"Nimekuja kwa jambo moja tu. Tazama hapa, halafu chagua kwanza."

Kwenye simu kulikuwa na magari mawili ya spoti, ya kampuni ile ile ya Kijapani, yote mekundu, yote mafupi kiasi kwamba mbuzi mzima angeweza kuyatazama kwa juu. Moja lilikuwa dogo, la viti viwili. La pili lilikuwa refu kidogo na lilikuwa na viti vingine viwili kwa nyuma. Yalikuwa yanauzwa katika yadi moja Kahama.

"Nichague mimi? Mimi hata baiskeli naisukuma."

"Utakalosema ndilo nitakalonunua. Nitaliendesha mimi, lakini kadi ya gari itaandikwa jina lako."

Nikamtazama usoni. Shavu moja lilikuwa limejaa kidogo na macho hayakukaa mahali pamoja. Nikamwambia asubiri ale kwanza. Nilimchinjia kuku wa kienyeji niliyekuwa namtunza kwa ajili ya Pasaka, nikapika wali, nikamwandalia. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akakiangalia chakula, akasema, "Nimeshiba, dada." Mtu aliyetoka Rwamgasa alfajiri, aliyelelewa na mkono huu, ambaye utotoni alikuwa akilamba sufuria mpaka inang'aa, ameshiba. Akanywa maji kidogo tu, akaaga. Binti zangu wawili wakafaidi kuku, mimi nikabaki naangalia kigoda.

Jirani hakuchelewa.

"Mayu, alikuwa anataka nini mdogo wako?"

Nikamweleza. Akaweka ndoo chini.

"Umemjibu?"

"Bado."

"Wabeja, umefanya vema. Usimjibu."

Ndipo aliponikumbusha habari za ndagu, ile dawa ya utajiri ambayo huku kwetu kila mtu anaijua na hakuna anayekubali kuwahi kuiona. Dawa ina masharti yake. Wengine hukatazwa kuoga, wengine hukatazwa kula kwenye nyumba fulani. Lakini lililo kubwa, alisema, ni kwamba anayetafuta mali humlipa mganga kwa mtu wake wa damu, na huyo mtu lazima akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Nani atakubali? Kwa hiyo analetewa vitu viwili vizuri na kuambiwa achague. Vikawa vitenge, vikawa kuku, vyovyote. Ukishachagua, umekubali. Alimjua mama mmoja kule Ushirombo aliyeletewa vitenge viwili na mpwa wake. Akachagua cha kijani, na mavuno ya mwaka ule hakuyaona.

Sasa, mimi ni Mkatoliki, tena nafundisha sayansi darasa la sita. Naelezea malaria ubaoni kwa mchoro wa mbu wenye mishale. Hata hivyo jioni ile niliingia ndani nikafunga komeo, na nikawa nawahesabu binti zangu walipokuwa wamekaa mkekani, kana kwamba wawili ni wengi wa kuhesabu. Niliogopa. Siogopi sana kufa, nasema kweli, ila niliwaza nikiondoka mimi nani atawasuka wale watoto Jumapili asubuhi.

Akawa anapiga simu kila siku.

"Dada, umeshachagua?"

"Kwa nini usiwaulize rafiki zako? Hao ndio wanajua magari."

"Hapana. Lazima wewe."

"Na kwa nini usinunue pikapu ya kubebea mawe yako? Hilo dude litakwangua tumbo kwenye tuta la kwanza."

Akacheka. "Pikapu itakuja baadaye. Hili kwanza."

Lazima wewe. Hili kwanza. Neno lazima lilinikaa kooni juma zima. Mwishowe akaniomba niende Kahama nikayaone kwa macho, naye atanikuta huko. Nikakubali. Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikwenda kama ninavyokwenda kwenye dawati la nyuma wakati wa mtihani, kumkamata mtu na karatasi mkononi. Nikaweka rozari kwenye pochi, nikabeba na chupa yangu ya maji ili nisinywe ya mtu.

Yadi ilikuwa kando ya barabara kuu, ikitimuliwa vumbi na malori. Yale mawili yalikuwa mbele kabisa, yamefutwa mpaka yanaumiza macho. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno, na alijua vizuri kwamba duara likitema kuna mtu atakuja kununua upuuzi.

"Mama, haya ni ndugu. Mama yao mmoja," alisema. "Hili dogo ni jepesi, injini iko nyuma ya mgongo wako, na paa linafunguka. Hili refu lina nguvu zaidi, na mnaweza kukaa wanne, ingawa hao wa nyuma itabidi miguu waiache nyumbani."

"Paa linafunguka ili vumbi la Rwamgasa liingie vizuri?" nikamwuliza.

Mdogo wangu akacheka, mkono kwenye shavu. Nilifurahi kumsikia akicheka, na papo hapo nikajionya. Akanifungulia mlango wa lile dogo nikae nijaribu. Sikukaa. Nilisimama nikaviangalia viti na akili ikaanza kupiga hesabu bila kuombwa. Viti viwili: chake na changu. Nikichagua hili, ninaondoka peke yangu. Viti vinne: chake, changu, na nyuma viwili vya watu wadogo. Nikichagua lile, ninaondoka na binti zangu wote wawili. Kila kitu kikakaa mahali pake. Kutonipigia simu duara lilipotema. Kukataa chakula cha nyumbani kwangu. Jina langu kwenye kadi. Nilijisikia kama ninapoyaweka madaftari mawili pamoja na kuona kosa lile lile kwenye mstari ule ule.

"Chagua, dada," akasema polepole. "Sema tu kwa mdomo wako."

Kwa mdomo wangu. Sikuweza tena kujizuia.

"Umefanya ndagu," nikamwambia. "Mimi nilikuogesha, nikakusomesha, leo umeniuza. Basi mimi sichagui. Na watoto wangu hutawapata. Katafute damu nyingine."

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika ukuta wa nyuma. Muuzaji akageuka akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Mdogo wangu alikuwa na mkono juu ya mlango ulio wazi, akauangalia ule mkono, kisha akaufunga mlango taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kitu kisicho chake.

"Asante, kaka," akamwambia muuzaji. "Tutawasiliana."

Tukatembea mpaka stendi. Akanikatia tiketi ya kurudi Shinyanga, akakaa na mimi kwenye benchi, kati yetu pochi yangu. Nilisubiri akane. Kwa uzoefu wangu aliyenakili hukana haraka sana. Yeye hakukana. Akaniuliza:

"Dada, unakumbuka Segese?"

Nilikumbuka Segese. Ndiko tulikokulia, kando ya barabara ya vumbi iendayo mgodini, mama akiuza michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na sisi tukikaa kwenye gogo tukigawana magari yanayopita. Mchezo wenyewe kila mtoto wa barabarani anaujua. Gari likitokea unasema "langu," na anayewahi ndiye mwenye nalo. Lori lilikuwa langu, basi lilikuwa lake, tukishinda hivyo matajiri mpaka jioni.

"Siku ile yalipita mawili yamefuatana," akasema. "Mafupi, mekundu, ya aina moja. Mimi niliwahi. Wewe ukasema mkubwa ndiye huchagua kwanza. Nikalia. Ukaniambia, lia tu, hata siku utakaponunua mwenyewe kwa hela yako, nitachagua kwanza mimi, na litakuwa langu. Ukaniapisha."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Aliposema ndipo vumbi lile lilipotokea, na ule mkono wangu wa miaka kumi na minne ukimshika sikio, mpaka aape.

"Nilitaka nikuambie ukishachagua," akasema. "Ndiyo maana hata la duara kutema nililificha. Nilitaka uone gari kwanza."

"Na chakula changu?"

Akafungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole. Nyuma kulikuwa na pengo, bado jekundu. Alikuwa ameng'oa jino Geita siku moja kabla hajaja kwangu, na hakutaka kuniambia kwa sababu ningemkalisha kitako na kumpa uji. Ningefanya hivyo kweli.

Nikasimama. "Twende turudi. Nachagua. Lile dogo."

"Basi lako linaondoka, dada," akasema, akanishikia pochi mpaka nilipopanda.

Niliona aibu njia nzima, aibu ya kuchoma masikio. Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, acha niseme yote. Hata kwenye kile kiti cha basi, huku machozi yakinitoka, kuna upande wangu mmoja ulikuwa unauliza mbona hadithi yake imekaa vizuri hivi. Nilipomsimulia jirani, alitikisa kichwa akasema hao watu wanajua kujieleza. Nikamfungia mlango, lakini nilikuwa nimemsikia.

Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, dada." Gari la spoti hakununua. Alinunua pikapu iliyotumika, kwa jina lake mwenyewe, na kwa sauti ile ile ya adabu akawa ananijulia hali kila Jumapili, dakika mbili, shikamoo na watoto hawajambo.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo, mwezi wa nane, akipeleka vipuri sehemu. Nilijiandaa. Nilikuwa nimepata michembe mizuri kutoka Segese, nikaichemsha na karanga kama alivyoipenda, nikapakua kwenye sahani mbili. Moja niliijaza, nyingine nikaijaza zaidi kidogo. Nikaziweka mezani mbele yake, mbele ya binti zangu, nikasema kile nilichokuwa nimekifanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Leo wewe ndiye unachagua kwanza."

Akazitazama zile sahani. Akatazama moja, akatazama nyingine, akanitazama mimi, na nikayaona macho yale. Nayajua, kwa sababu ni yangu. Kisha akazisukuma zote mbili nyuma kidogo, kwa heshima, kwa ncha za vidole.

"Nimeshiba, dada," akasema.

Safari hii hakuwa ameng'oa jino.