Debe la Maji ya Bahari na Kuku wa Posa

Bahari sijaiona, lakini nimeionja, na sitaki tena. Ilitufikia kijijini kwetu Dabani ndani ya debe, mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati wa ile mvua iliyokataa kuisha mpaka ziwa likapanda likameza mashamba ya watu. Aliyeiagiza ni bibi, kwa ajili ya vidonda vya miguu. Mjomba, kuli wa bandarini Mombasa, akaja nayo kwa treni mpaka Tororo. Debe lenyewe la mafuta ya taa! Lilipofunguliwa ulitoka uvundo wa samaki aliyeoza akapakwa mafuta ya taa. Bibi akasema afadhali vidonda.

Sasa, wageni walikuwa njiani kutoka Mulanda kumposa dada yangu. Kwetu mgeni wa posa hupewa kuku. Asipomla, amemkataa binti. Na chumvi haikuwepo. Barabara zimekatika, maduka ya Busia matupu, na matete tunayochoma tukachuja majivu yake kupata chumvi, yote yalikuwa chini ya maji. Mama akalitazama debe, akamimina sufuriani, akainjika.

"Dada, mvua yote hii imetoka humo," mjomba akamcheka. "Bahari inatoa maji, chumvi inabana. Mito inalamba udongo wetu, inaipelekea chumvi nyingine, na hairudishi. Mchoyo kama wewe."

"Mwongo! Maji ya chumvi yalete mvua isiyo na chumvi?"

Mjomba akainua kifuniko, akanilambisha matone ya chini yake. Chumvi hakuna. Ladha ya mafuta ya taa ndiyo ilikuwepo, nikatema. Mimi darasa la pili niliishia njiani, lakini mawingu niliyaelewa siku hiyo, na kichefuchefu juu.

Mjomba akaenda zake kwenye pombe ya busaa. Hapo ndipo palipoharibika. Chumvi ya majivu tunaichemsha mpaka tone la mwisho likauke, hatumwagi kitu. Mama akafanya vivyo hivyo. Kumbe kwa maji ya bahari yale ya mwishoni humwagwa, maana uchungu wote umejificha humo. Mjomba alikuja kutwambia hayo kuku ameshaiva na chumvi ile imo.

Mzee wa Mulanda aling'ata paja, akafumba macho, akalitema mkononi. Mwenzake alikuwa amemeza. Tumbo likamtoa mbio nyuma ya nyumba, kwenye tope, na sote tulimsikia. Ukuta wa udongo hauzuii kitu.

Jikoni dada analia: "Wamemkataa kuku, wamenikataa mimi."

Mzee akajipangusa. "Mama, kuku hatukumla."

Akairudisha sahani kwa mama.

"Basi sisi hatujafika, wala nyinyi hamjatuona. Tutafika chumvi ikifika."

Wakaondoka na mvua yao. Lori la chumvi halikuja mwezi ule, wala uliofuata. Kila asubuhi dada alisimama mlangoni, akayatazama mawingu yanayotoka upande wa Mombasa, akatema mate.