Kompyuta Iliyomeza Magunia

Programu ya kusajili mizigo kwenye ghala letu la korosho pale Chikongola ilikuwa na njaa kuliko nguruwe pori. Gunia la mkulima wa Nanyamba liko ghalani, umelikalia kabisa, lakini kwenye kompyuta halipo. Limemezwa.

Bosi hakuihoji mashine. Alimhoji dada mmoja kati ya makarani watatu, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Bosi alisema Kiswahili chenyewe kinampiga chenga dada huyo, kompyuta ataijulia wapi. Akampa mpaka Ijumaa magunia yaonekane, la sivyo arudi kwao. Wiki nzima bosi akawa anakalia kona ya meza ya dada kumchunga, huku akila pweza wa kukaanga juu ya kibodi ya dada. Mafuta yaliyodondoka pale yangekaanga pweza mwingine. Nilikuwa nageuka pembeni nisione.

Mimi, mpima magunia tu, nilikuwa nimemaliza shule ya jioni ya kompyuta, basi ghala zima likaniona mhandisi wa kurusha roketi. Nilijua programu inaweza kuamriwa iandike kila hatua inayopita ndani yake. Nikaamuru iandike zote. Kompyuta ikakohoa kama trekta bovu, ikazimika. Nikapunguza: katika kila hatua kumi, iandike moja.

“Andika za meza ya huyu tu,” bosi akaniambia, akimwonyesha dada kwa kidevu, anajilamba vidole.

“Ukichota kwenye mtungi mmoja, bosi, utajuaje mingine ina maji gani?”

Akanikumbusha kwamba shule yangu ilikuwa ya gizani. Kilichonichefua zaidi ya pweza ni kwamba makarani wengine wawili walicheka. Nikaacha programu ichote kwenye meza zote, pamoja na ya bosi mwenyewe.

Ijumaa nikachapa karatasi. Magunia yalikuwa yanamezwa kwenye kila meza, kila meza mbili zilipobonyeza kuhifadhi kwa pamoja. Gunia lililosajiliwa kwenye meza ya bosi nalo lilikuwemo.

Bosi aliisoma, akaikunja, akaiweka mezani kwake, akatangaza kwamba mashine ina hitilafu, watu waendelee na kazi. Hakumtazama dada wa watu hata usoni. Pole yenyewe hakuitoa.

Dada akasimama. Akachomoa kibodi yake, akaenda nayo mpaka meza ya bosi, akaipindua na kuigonga taratibu. Vipande vya pweza vikamwagika juu ya ile karatasi.

“Bosi,” akasema, “hivi ni vyako.”

Akarudi kukaa mezani kwake.