Hesabu kwa Sauti

Jana alasiri nilikuwa uani kwangu, hapa Likoni, namenya viazi. Ng'ambo ya ukuta watoto wa chuo, yaani madrasa, wakaanza kusoma Kurani, kila mmoja na aya yake, wote kwa pamoja. Kisu kikatulia mkononi. Sikuwa uani tena, rafiki yangu; nilikuwa kidato cha pili, kwenye somo la hesabu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa papa hapa, mpole, chaki haimtoki sikioni. Alitufundisha vile alivyofundishwa yeye chuoni utotoni. Akishaandika swali ubaoni, sote tulilifanya kwa sauti, kila mtu kwa mwendo wake, vichwa vikiyumba. Darasa lilivuma kama mzinga. Yeye alipita baina ya madawati macho kayafumba nusu, na katika vurumai ile akalisikia kosa la mtu mmoja.

"Rudi nyuma, mwanangu. Umeivusha, hujaibadilisha."

Alama ya sawasawa kwetu ilikuwa feri. Nambari ikivuka sharti ibadili nguo, jumlisha iwe toa, kama mama zetu walivyojipamba kabla ya kuvuka kivuko kwenda mjini. Na ukikosea useme, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Dirishani iliingia harufu ya viazi karai na ukwaju, upepo ukipeperusha vumbi la chaki, nami nikawa kama ninayeelea.

Nililipenda somo lile kwa sababu nina kigugumizi. Peke yangu, neno hunikwama mpaka machozi yanilengelenge. Ndani ya sauti za wenzangu lilipita lenyewe. Kwa kipindi kizima nilisema kama watu wasemavyo.

Halafu akaja mwalimu mkuu mpya kutoka bara. Siku moja alisimama mlangoni, akatusikiliza, uso umemkunjamana.

"Mwalimu, hili ni darasa ama ni soko?"

"Ni darasa, mkuu. Ndivyo tusomavyo huku."

"Kelele si kusoma. Nionyeshe mmoja anaweza kueleza peke yake, ama hii mambo iishe leo."

Kidole chake kikanyooka, kikaniangukia mimi.

Nilifika ubaoni, nikaishika chaki. Swali lilianza na tatu, na tatu haikutoka. Nilijikaza, shingo ikanisimama. Niliogopa kwamba somo letu linakufa mdomoni mwangu. Ndipo nikamsikia mwalimu kule nyuma akilisoma swali kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisomea. Jirani yangu wa dawati akamfuata, kisha safu nzima, na mvumo wetu ukarudi. Nikauingia. Tatu ekisi, toa saba. Saba inavuka, inabadili nguo. Nikaandika huku nasema, nasema huku naandika, hadi jibu. Nilipogeuka, wote walikuwa wamefunga vinywa. Mpaka leo sijui walinyamaza lini.

Mwalimu mkuu aliupitia ubao mstari kwa mstari. "Sawa, endeleeni," akasema, akaenda zake.

Mwalimu wetu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Chumba kile sasa kina kompyuta, kila mtoto na kioo chake, na ukipita nje husikii kitu. Wanajua hesabu kutushinda, sibishi. Ila roho huniuma nikimfikiria mmoja wao mwenye ulimi kama wangu. Siku akiitwa asimame, neno limkwame, nani atamwanzia?