Viraka vya Sikuzani

Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Maneno matamu hayo. Mimi niliyekuwa jirani yake Sikuzani pale Mbwawa nimeona thamani yake siku wageni wanapojaa nyumbani.

Sikuzani hakujaliwa kuzaa. Aliolewa na Hemedi aliyekuwa ameachana na Biubwa, na Biubwa alikuwa amekwenda kuolewa na mwenye duka Kisarawe, akamwacha binti yake Zena bado anatambaa. Sikuzani akamchukua. Tulipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne, sisi wengine tulibeba milango na sufuria. Zena alikuwa wa miaka minane, mkubwa wa kutembea, lakini surua ilikuwa imemlaza. Sikuzani alimbeba mgongoni, vyombo vyake vikabaki vinanyeshewa. Mtoto alimwita mama, na nani mwingine angemwita?

Zena naye akaolewa Kisarawe, na mwaka wa themanini na tatu akashika mimba. Mwaka ule nguo zilikuwa hazionekani. Duka la ushirika likiletewa khanga, wanazipata wenye jamaa ndani, sisi tunapata foleni. Sikuzani akaapa kwamba mjukuu wake hatapokelewa kwa gunia. Akafungua sanduku, na katika kila doti ya khanga, vipande viwili vya kufanana, kimoja akakikatakata viraka, hata kisutu chake cha harusi.

"Una wazimu, shoga?" nikamuuliza. "Msibani utakwenda na nini?"

"Nitakwenda hivyo hivyo. Mgeni ni mtoto, si mimi."

Uzi aliufumua kwenye mifuko ya unga. Sufi aliiokota chini ya msufi wa mzee Matano, akaichambua mbegu, akaitandaza katikati ya viraka na kushindilia kwa mishono ya karibu karibu isije ikajikusanya upande mmoja. Likatoka shuka nene, laini. Akalipeleka mwenyewe Kisarawe, akamkabidhi Zena mkononi. Zena alilia. "Mama, wewe umebaki na nini?"

Siku ya arobaini ya mtoto tulikwenda pamoja. Tukamkuta Biubwa kakaa katikati ya mkeka, mtoto kampakata ndani ya shuka lile, wanawake wanalishika na kulisifu.

"Nimelishona mwenyewe, jamani," akasema bila haya. "Mjukuu wa kwanza mchezo?"

Nilitamani kumrukia. Sikuzani hakumtazama Biubwa hata kidogo. Alimtazama Zena, kwa kuwa neno moja la Zena lingetosha. Zena akainama, akalivuta shuka kumfunika mtoto miguu.

"Mama mdogo," akamwambia Sikuzani, "hebu watilie wageni chai."

Mama mdogo! Tangu atambae hakuwahi kumwita hivyo. Nikafungua mdomo, Sikuzani akanibana mkono. Akainuka, akawatilia wageni chai, hakumruka hata Biubwa.

Juma lililofuata palitokea msiba kijijini kwetu. Sikuzani akaja kajifunga khanga nyekundu na kujitanda ya buluu, wanawake wakakonyezana. Mmoja, kwa ule mdomo wake, akamuuliza vipande vya pili vimekwenda wapi.

"Nimemshonea mjukuu wa Biubwa," akajibu, akapita kwenda kukaa na wafiwa.