Mama Aliyenikazia Macho Hotelini

Wenzangu, bado nina hasira, sijui za nani. Juzi nilienda kuomba kazi ya kusimamia usafi katika hoteli moja mpya hapa Nakuru.

Mwisho wa korido nikamkuta mama mwingine akinikodolea macho. Nikasogea kuliani kwangu ili apite. Naye akasogea kuliani kwake, lakini hakupita. Nikainua mkono wa kulia na kusema, "Habari yako, mathe." Akainua wake wa kulia, midomo ikacheza, sauti hakuna. Madharau! Kwenye kioo cha nyumbani, mkono huinuka upande uleule ulio wangu; wake uliinuka upande wa pili, kwa hiyo sikushuku chochote. Kila nilikokwenda, macho yake yalikuwa kwangu.

Meneja akatoka ofisini. Sikungoja salamu.

"Boss, kama ni huyo mnataka kuandika, mtajuta! Nimempisha hapiti, ananiiga, na kola yake imejikunja. Atasimamia usafi gani?"

Meneja akaja taratibu, akasimama kando yangu. Meneja mwingine akasimama kando ya yule mama.

Nikashika kola yangu. Kweli, ilikuwa imejikunja.

"Mathe," akasema meneja, akijizuia kucheka, "hiyo ni kona tu. Kuta mbili zote ni vioo, picha inaruka kutoka kimoja hadi kingine, ndiyo maana kulia hakukugeuka kushoto. Wageni wengi hushtuka hapo. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuniambia nisikuandike."