Gauni Lililotolewa Bila Chumvi

Nilipokuwa mtoto, kule Gasenyi, niliamini kabisa kwamba nyota ya mtu hukaa kwenye jasho la nguo zake. Bibi ndiye aliyenifundisha. Nguo uliyoivaa haitolewi kwa mtu wa nje kabla ya kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Ukiitoa hivihivi, bahati yako inaondoka nayo.

Mama hakusahau chumvi. Aliikataa. Alikuwa kwenye kundi la huruma la akina mama kanisani kwetu, na Furaha, msichana wa umri wangu, alikuwa amevuka mpaka na mama yake, wakikimbia kutoka Uvira, na nguo za mwilini tu. Mama akakunja gauni langu la Pasaka, la manjano.

"Na chumvi?" Bibi akauliza.

"Mama, mi natoa kwa jina la Yesu, si la chumvi."

"Haya. Utaona vile ule mutoto atapanda, wako atashuka."

Nikaona. Haukupita mwezi, Furaha akapewa kuimba peke yake mbele ya kanisa, nafasi niliyoililia mwaka mzima. Mama, ambaye hakuwahi kutokwa na chozi kwa sauti yangu, alilia. Akamkumbatia, akamwita "mutoto wangu". Nafasi ningeisamehe. Neno lile, hapana.

Nikaenda kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, nikamwambia Furaha kaninyang'anya nyota. Hata wakati ule nilijua kupanga hoja: gauni, jasho, alama zangu za hesabu zilizoanguka. Na watu wazima, wahubiri wa huruma kila wiki, wakaniamini! Furaha akatolewa kwenye kwaya "mpaka aombewe". Akina mama wawili wakatumwa kulidai gauni.

Alilileta mwenyewe, limepigwa pasi, upindo uliochanika umeshonwa.

"Kezia, shika. Kama kuna kitu yako imebaki kwangu, sema, nirudishe."

Hakuwa ananikejeli. Ndiyo maana nilishindwa kumtazama.

Mama akanigeukia. "Ni we ulisema?"

"Ni Bibi..."

"Apana!" Bibi akaruka. "Mi nilisema chumvi. Sikusema mufukuze mutoto."

Jumapili iliyofuata niliimba mimi. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda kushinda na Furaha na mama yake, ambao hawakukanyaga tena pale kanisani.

Leo, kwenye midahalo ya chuo, nawachana vibaya wanaomtenga mtu kwa kisingizio cha maombi. Napigiwa makofi. Sijawahi kuwaambia nani alipeleka mashtaka yale.

Furaha anaishi Ruziba sasa, na Mama humtembelea kila mwezi. Mara ya mwisho nilikwenda naye. Nilimbeba mtoto wa Furaha wakati wao wawili wanapika na kucheka jikoni, na bado niliona wivu. Mtoto akalala begani kwangu. Nikabaki nimesimama vilevile, mkono unakufa ganzi, nisimwamshe.