Kiapo cha Bei Moja

Mara ya kwanza muuza sufuria kushughulika na mama ambaye soko zima lilimwita Bei Moja, alitaka koti. Meza zao sokoni zilikuwa zimegusana, sufuria zake huku na makoti ya mitumba ya yule mama kule, naye alidhani ujirani ni punguzo. Akaikosoa kola, akavikosoa vifungo, akajifanya anaondoka. Hakuitwa. Aliporudi, bei ilikuwa ile ile.

"Hata kwa jirani, dada?"

"Kaka, unataka koti au unataka maongezi?"

Akalipa, na tangu hapo akawa na hamu ya kumjua. Mtu asiyepunguza anaishije sokoni? Akamchunguza. Mjane, amelea watoto kwa makoti hayo hayo. Koti likiwa na tobo, humwonyesha mteja kabla mteja hajaliona. Na Jumapili hafungui meza, hata baridi iwe ya kutetemesha meno na watu wanalilia makoti.

Kisha maradhi yakaingia, serikali ikatangaza kwamba ibada isizidi watu hamsini. Kanisa la Bei Moja lilikuwa ghala la zamani, linameza umati. Wanaowahi waliingia, yeye, mwenye magoti mabovu, kila mara aliishia nje, akiimba huku ameshika nondo za dirisha.

"Si usikilize redioni?" muuza sufuria akamuuliza.

"Wewe mkeo akikutajia chakula kwenye simu, unashiba?"

Makanisa yakaungana kuishtaki serikali. Wakili wao akaja sokoni kutafuta muumini anayefanya biashara pale. Hoja yake ilikuwa nyepesi: soko linajaa na hakuna anayehesabu vichwa, iweje kanisani vihesabiwe? Alitaka Bei Moja aape hivyo mahakamani.

Muuza sufuria alinusa hasara kabla wakili hajapiga kona.

"Dada, ukiapa soko limejaa, watafungua kanisa? Watafunga soko!"

"Huenda."

"Watoto watakula hiyo huenda? Sema hukumbuki. Nitakuachia upande wangu wa njiani, ule unaoumezea mate."

Mama akageuka kuitazama njia. "Hebu niambie wewe. Limejaa au halijajaa?"

"Limejaa, lakini..."

"Basi."

Akaenda, akaapa. Wakili alimwomba aongeze kwamba watu wanakanyagana. Akakataa, maana hakuwahi kuona mtu akikanyagwa.

Makanisa yakashinda. Jaji alisema idadi ya watu ifuate ukubwa wa jengo, si namba moja kwa kila jengo, na lile ghala likapata nafasi tele. Lakini halmashauri nayo ilikuwa imekisikia kile kiapo. Ikaja na futi ya kupimia sokoni, ikaamuru kila meza mbili ibaki moja, wenyewe wapokezane siku.

Safu nzima ya wauza viatu ikaacha kumsalimu Bei Moja. Muuza sufuria hakununa; kununa hakuleti mteja. Yeye alikuja na hesabu yake kichwani. Miezi yote ya katazo, Jumapili ndiyo iliyokuwa siku nono, na huyu mama haitumii.

"Jirani, niachie Jumapili zote."

"Unipe Ijumaa na Jumamosi."

"Ijumaa tu."

"Ijumaa na Jumamosi."

Alimbembeleza, akamtania, akamwita mama mkwe. Wapi! Mwishowe akakubali, siku zilizobaki wakagawana sawa, naye akarudi nyumbani akijipongeza kwamba amenunua nyama kwa bei ya mfupa.

Jumapili ya kwanza akapanga sufuria zake mapema. Soko likawa kimya hadi akasikia nyimbo kutoka ghalani. Wale waliokuwa wakizagaa sokoni kwa kukosa nafasi kanisani, mahakama ilikuwa imewarudisha ndani.

Ibada ilipotoka, Bei Moja akapita. "Umeuza?"

"Mfuniko. Dada, tubadilishane."

"Tulishapatana, kaka."

Basi ikawa hivyo. Mama alipoteza nusu ya siku za katikati ya wiki na salamu za wauza viatu. Akapata mahali pa kukaa kwenye benchi, mbali na dirisha. Muuza sufuria alipata Jumapili.